Dawati la Jinsia

Jumatatu, 4 Machi
Shirika letu limeleta semina ya jinsia kwa wafanyakazi. Mimi mpika chai, nikaambiwa niingie pia! Mkufunzi, mama mmoja wa miwani, kasema ofisi itakuwa na dawati la jinsia, na mmoja wetu atakabidhiwa. Binti yangu anaandika kazi za shule kalala kifudifudi sakafuni, atakuja kupinda mgongo. Dawati hilo ni letu!

Jumanne, 5 Machi
Dereva naye analitaka! La nini, mtu anayeshinda amekaa? Nimemnyima tangawizi. Mkufunzi nimemjazia sukari mpaka kijiko kikasimama. Kumbe ana kisukari. Dereva kacheka mpaka kapaliwa. Shetani mkubwa!

Jumatano, 6 Machi
Tuliulizwa nyumbani nani anafanya kazi gani. Dereva kasimama, kifua mbele: mke wake hafanyi kazi, yupo tu. Yupo tu! Dawati nikalisahau, na chai jikoni nikaisahau. Nikamuuliza kama shati hilo limejifua lenyewe, na wanawe wameota kama uyoga. Chai inafurika huko, ukumbi unapiga makofi huku. Wamenichagua mimi! Jioni tumesogeza kitanda, mimi na binti, tukaacha nafasi karibu na dirisha. Kalala anatabasamu, mwanangu.

Alhamisi, 7 Machi
Nilikwenda na mkokoteni wa jirani. Mkufunzi kanieleza polepole, kama anayembembeleza mgonjwa: dawati hilo ni kazi. Mtu akionewa kwa sababu ni mwanamke au mwanamume, aje kwangu nimsikilize. Halina miguu! Halina hata droo! Nimsikilize nimeegemea nini? Si wangesema kazi! Nimerudi na mkokoteni mtupu, dereva ananipigia honi nyuma. Binti kasema haidhuru, mama. Hapo ndipo nikalia.

Ijumaa, 8 Machi
Mlalamikaji wa kwanza: dereva! Eti ananyimwa tangawizi kwa kuwa ni mwanamume. Nikamwambia ananyimwa kwa kuwa ni yeye. Mkufunzi kaniamuru nimpe. Nimempa, yenye maganda.

Halafu mkufunzi katangaza kwamba kuanzia mwezi ujao wanawake wa mashirika yote watakuwa chini ya mwavuli mmoja. Mmoja! Umati wote ule! Wasomi hawa wana akili kweli? Nitafika alfajiri, nisimame katikati, nishike mpini. Wakizubaa tu, naondoka na mwavuli. Binti yangu hawezi kunyeshewa akienda shule na mimi nipo.