Vita vya Fundi na Amplifaya ya Mama Mkwe

Enyi mlioketi nanyi mpitao njia, simameni mtege masikio, kwani nawasimulia vita visivyomwaga damu ila chai, vilivyopiganwa juu ya meza ya jikoni baina ya Fundi Redio, bingwa wa kuchomelea nyaya kwa risasi, na amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani, iliyomzidi umri.

Dude hilo lilikuwa la mama mkwe wake, malkia wa nyuzi sita, ambaye ujanani alipiga gitaa watu wakasahau viatu vyao ukumbini. Sasa vidole vilianza kukakamaa, na aliitaka sauti ile ya zamani, bila mikwaruzo, angali anaweza kupiga. Barazani, mithili ya fisi angojaye mkono udondoke, alikaa mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake.

"Mkwe wangu," akatamka malkia, "likinena leo, litakaa. Lisiponena, alichukue huyo bwana, maana sitaki kulitazama likiwa bubu nami ningali hai."

"Mama," akajibu shujaa, kifua mbele, "kabla ya alasiri litanena, ama mimi nirudi kutengeneza pasi."

Akaingia vitani. Akachomoa waya ukutani, akaumwaga umeme ujifichao ndani ya kapasita, vile vikopo vihifadhivyo umeme, maana huo humrusha hata pandikizi la mtu. Kapasita nne zilizovimba akazing'oa, akatia mpya. Kisha, kwa ujasiri uliopindukia, akaongeza waya wa hila, wa kurudisha sauti kidogo kutoka transfoma ya spika hadi mwanzo wa safari yake, ili ukali utulizwe. Akawasha.

Dude likapiga yowe. Kikombe kikaanguka, paka akahama nyumba, na mnunuzi wa vyuma akasimama na mzani wake.

Shujaa akabadilisha valvu. Yowe. Akakaza kila skrubu. Yowe. Jasho likamtiririka na moyo ukamuuma kwelikweli, kwa maana alimsikia mama mkwe chumbani akilipangusa gitaa taratibu, kama anayeliaga.

Hapo mkewe, msusi asiyepitwa na unywele, akainama mezani. "Baba watoto, hizi nyaya mbili za transfoma, ulijuaje ipi ni ipi?"

"Kwa rangi. Moja bluu, nyingine kahawia."

"Mimi naona kahawia mbili. Joto la miaka yote hiyo limeibabua hiyo bluu yako. Ulikisia, mume wangu, tena kwa kujiamini."

Jemadari akazisogeza nyaya kwenye mwanga. Kumbe alizigeuza, na waya uliotumwa kupatanisha ulikuwa ukichochea ugomvi, ukizidisha ukali badala ya kuutuliza. Akazima, akaumwaga umeme tena, akazibandua nyaya, akazipishanisha, akawasha. Pakawa kimya, kimya kitamu, na valvu zikawaka taratibu kama kaa la moto.

"Mama," akaita. "Njoo."

Malkia akachomeka gitaa, akagusa uzi mmoja. Sauti ikatoka nene na laini, ikajaa jikoni mpaka vifuniko vya sufuria vikaitikia. "Ndiyo yenyewe," akasema, machozi yakimtoka, na vidole vile vikavu vikaanza kukimbia. Binti yake, yule msusi, akacheza na ufagio. Mnunuzi wa vyuma akauweka mzani chini, akaomba kiti.

Basi na iandikwe, vizazi vijavyo visome: siku ya Jumanne, saa nane mchana, nyaya mbili zilibadilishana nafasi, na bibi mmoja akapiga gitaa mpaka jua likazama, wala hakuna aliyekumbuka kupika.