Nyoka wa Karatasi ya Jua

Jumatatu, tarehe 4
Mungu ni mwema. Leo kaka yangu kaniletea bintiye wa miaka saba, na begi moja. Yeye anakwenda kazini ng'ambo, mwaka mzima. Mtoto aliona nyoka shuleni mwezi uliopita. Tangu siku hiyo hakanyagi uwanja. Anabebwa kama mzigo wa kuni!

Kaka amesema atapita Jumamosi. Akimkuta anatembea uani, mtoto atabaki kwangu. La sivyo anachukuliwa na mama yake mdogo, yule Mwalimu, mwenye cheti na miwani ya mnyororo. Mwalimu kaacha kitabu cha nyoka mezani na kuniambia, Dada, wewe shona, elimu tuachie wenyewe. Haya. Nyumba hii imekuwa kimya tangu mume wangu afariki. Mtoto haondoki.

Jumanne, tarehe 5
Mpango! Marehemu alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Kaniachia boksi la karatasi za jua. Unaweka kitu juu yake, unaianika, unaisuuza kwa maji. Karatasi inakuwa buluu, na pale kitu kilipolala panabaki peupe. Mtoto atazoea kivuli cha nyoka, kisha nyoka mwenyewe. Cheti cha nini?

Nikaanika mkanda wa marehemu, nimeupinda vizuri. Mtoto akautazama mchoro mpaka nikajisikia fahari. Kisha akauliza: Shangazi, nyoka gani ana bizimu?

Jumatano, tarehe 6
Leo kipande cha mpira wa maji, juu ya saruji ya kufulia nguo. Nikaenda kusali. Niliporudi na kusuuza, nyoka wawili! Mmoja mpira wangu. Wa pili mwembamba, mkia umechongoka, kichwa kama kijiko.

Nikadhani mtoto. Yuko kitandani, miguu mikavu, anasoma. Akauliza nani kamchora huyu mzuri. Nikajibu, nani mwingine, shangazi yako! Ee Mungu, mdomo huu.

Lakini alishuka kitandani mwenyewe kuja kumgusa. Akanisomea kuwa nyoka hana kope. Halali akafumba macho. Nikamwambia asinisomee tena jioni.

Alhamisi, tarehe 7
Kaomba mwingine. Sasa nifanyeje? Nikaweka karatasi tupu kwenye ngazi ya mlango, nikajificha nyuma ya pazia nimwone anayenichezea. Usingizi ukanipitia. Kuamka, uwanja mtupu, kuku wa jirani wote kimya. Karatasi ina nyoka mnene kama mkono wangu. Kichwa kimeelekea ndani.

Mtoto akapiga makofi. Akavaa buti za mvua, akachukua fimbo akigonga ardhi mbele yake kama kitabu kilivyomfundisha, akazunguka uwanja mzima! Nililia kwa shukrani. Nililia nikiwa juu ya kiti.

Ijumaa, tarehe 8
Mwalimu kaja kupeleleza. Akauliza yule mnene nilimtengeneza kwa kitu gani. Nikasema soksi iliyojazwa vitambaa. Akataka kuiona. Nikasema imefuliwa, haijakauka. Basi, akasema, tengeneza mwingine mbele yangu, Dada, nami nijifunze kwa fundi.

Tukaweka karatasi dirishani kwenye chumba cha kulala. Nikawavuta sebuleni kwa chai, nikiomba dua vikombe vitatu. Kurudi, kuna nyoka, lakini nusu ya nyuma tu. Mkia wote uko juu ya karatasi, na tumbo linakatikia ukingoni, upande wa chumbani.

Mwalimu akasifu, eti sanaa ya hali ya juu. Mtoto akasema taratibu: Ameingia.

Nikacheka sana. Tangu saa kumi niko juu ya meza ya cherehani. Nashona kwa mkono, miguu nimeikunja. Mtoto ndiye anayeniletea chakula.

Jumamosi, tarehe 9
Kaka kafika. Kamkuta bintiye uani na buti zake, anaanua nguo. Kanikuta mimi mezani. Akauliza ni nani hasa aliyekuwa anafundishwa humu.

Mtoto akasema anabaki. Shangazi akikaa peke yake, nani atamshusha? Mwalimu akakunja uso kama aliyelamba ndimu. Nimeshinda!

Kaka, kwa kuniona juu ya meza, akamleta mshika nyoka. Akamtoa mmoja nyuma ya kabati la vitambaa: kijani, mwembamba, mla mijusi, asiye na sumu. Akamtia mfukoni akaenda zake. Nimeshuka mezani kama malkia.

Jumapili, tarehe 10
Shukrani zote kwa Mwenyezi. Ila mtoto huyu na kusoma kwake! Kapanga michoro kitandani, kaipima kwa futi yangu. Anasema aliyekamatwa ni yule wa Jumatano, mwembamba. Wa ngazini na wa dirishani ni mwingine, unene mara tatu. Shangazi, huyo yuko wapi?

Kaka, aliyelala hapa jana, alikuwa bado barazani anafunga begi. Mwalimu amesimama mlangoni, kaja kufuata kitabu chake, masikio kama ya sungura. Neno moja tu, na mtoto angeondoka nao. Nikasema kwa sauti ya kusikika: huyo ni wangu mimi, wa soksi. Mtoto akanitazama bila kupepesa. Akasema, basi kesho nionyeshe, Shangazi.

Wameshaondoka. Yeye yuko uani na fimbo yake. Nimeshona soksi ndefu, nzuri, na sasa naijaza. Vitambaa viko kwenye kapu chini ya kitanda, napapasa mpaka bega linagusa ubao. Vyote vimetoka isipokuwa kimoja, kizito, cha baridi, laini kama hariri. Nakivuta, nacho kinarudi nyuma. Kimenasa mahali. Nitamaliza kwanza mstari huu, kisha niingize mikono yote miwili.