Kumshusha Mashavu Darasa kwa Sababu ya Ndege

Tuneya Pekeshe,
Mkulima wa mpunga, ng'ambo ya mto,
Garsen.
28 Juni 1999

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule yetu ya Msingi (ile yenye kengele ya rimu ya lori).

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

KUH: FOMU ILIYOMTUKANA MWANANGU, NA MIMI, NA SHAMBA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na walimu wako wote, pamoja na Mwalimu Cynthia, ambaye ndiye ninayemlalamikia.

Wiki iliyopita binti yangu Mashavu, wa darasa la nne, alileta nyumbani Fomu ya Kupima Uwezo wa Mtoto Kujiongoza, Nyumbani na Shuleni. Nasikia ilitoka kwenye semina ya Malindi, ambako walimu walilishwa kuku siku tatu. Nusu ya kwanza hujazwa na mwalimu, nusu ya pili na mzazi, alama moja hadi tano. Mwalimu Cynthia alimpa Mashavu moja kila mahali. Mimi nikampa tano kila mahali, nikairudisha. Ikaja tena kwa wino mwekundu: Mashavu ashushwe hadi darasa la tatu muhula ukiisha. Chini yake ameongeza, "Mzazi apimwe pia." Hapo ndipo nilipokosa usingizi wa mchana.

Labda mmesahau kazi ya Mashavu. Mpunga wangu umeanza kukomaa na ndege wameshapata habari. Kila alfajiri Mashavu hupanda dungu, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, akaamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, mpaka jua liwe juu, ndipo aje shuleni. Jioni hupanda tena. Ana teo la kurushia vidonge vya udongo, ana kamba zilizofungwa mikebe mitupu hadi kila pembe ya shamba. Mimi husimamia kutoka barazani, maana tangu mafuriko ya El Nino mgongo wangu haupandi ngazi. Sasa nieleze malalamiko yangu moja moja.

1. Kutulia. Fomu inauliza kama mtoto anaweza kukaa mahali pamoja dakika kumi. Niliona aibu kwa niaba ya aliyeuliza. Mashavu hukaa saa tatu juu ya miti minne inayoyumba, bila chai. Mwalimu anasema darasani hugeuza shingo kila kitu kikipita dirishani. Mwalimu Mkuu, kitu chenyewe kilikuwa ndege. Ulitaka ageuze nini?

2. Kukumbuka maagizo. Fomu inataka mtoto akumbuke maagizo matatu yanayofuatana. Mimi asubuhi moja nilimpa saba, na yote aliyatimiza. Ningekuorodheshea, lakini manne nimeyasahau.

3. Kungoja zamu. Ndege hawapangi foleni. Mtoto akisubiri zamu yake shambani kwangu, mwaka huu tutakula majani ya mpunga, na mke wangu Kadii ameshasema hatapika majani.

4. Kupanga kazi. Ameandikwa kwamba huchelewa kila siku na kwamba husinzia kwenye hesabu. Huko ndiko kupanga kwenyewe. Ndege huja alfajiri. Hesabu ipo saa mbili, ipo saa nne, ipo hata adhuhuri, na sijasikia siku hata moja kwamba imeruka ikaenda Tarasaa. Mtoto ameanza na kinachoruka.

Nasikia pia alifunga uzi kutoka dawati lake hadi kwenye mkebe wa chaki ulioko dirishani, na kila ndege wakitua uani aliuvuta. Mmeliita hili utundu. Mwenye akili angemwomba afunge wa pili kwenye dirisha la ofisi yako, maana hata huko nasikia kuna usingizi.

5. Kujizuia. Hapa ndipo mlipovuka mpaka. Yule mtaalamu wa kofia ya ukili alikuja kuwapima watoto, kundi la ndege likatua nyuma yake, na Mashavu akainuka katikati ya mtihani, akapiga ukelele wa shambani, akarusha chaki. Chaki iliitoa kofia ya mtaalamu bila kugusa unywele hata mmoja, na alikuwa mbali hatua kumi na moja. Mtoto asiyejizuia angempiga sikio.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, yafuatayo. Kwanza, alama za shule zifutwe na zangu zibaki. Pili, Mashavu apewe ruhusa ya kukaa shambani mpaka tuvune, wiki sita hivi, na dungu langu liandikwe rasmi kuwa chumba cha darasa. Mtoto mwenyewe analipenda dungu hilo na hajawahi kunung'unika hata siku moja. Tatu, darasa la nne lote, watoto arobaini na mmoja, waletwe kwangu wapimwe kwa vitendo, kila mmoja na pembe yake. Nne, Mwalimu Cynthia apande yeye mwenyewe asubuhi moja, nami nitajaza fomu yake nikiwa barazani. Mkiona vyema, shule nzima ihamie huku, ndege watakoma wenyewe.

Barua hii ataileta Mashavu kwa mkono wake, na hilo peke yake ni ushahidi wa namba mbili.

Wasalimie walimu, kamati, mpishi wa uji, na yule mbuzi anayekula chati za ukutani. Kadii anawasalimu pia, ingawa amekataa kuisoma barua hii.

Ni mimi mzazi wenu mwenye subira,
Tuneya Pekeshe

N.B. 19 Julai. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo naongeza hapa hapa.

Nilidhani mmenidharau kwa kutonijibu. Leo alfajiri Mashavu ameondoka kwenda kufanya mtihani wa muhula bila kuniaga, ndege wakajaa, nikalazimika kupanda dungu mwenyewe kwa mara ya kwanza msimu huu. Barua hii nimeikuta humo, imechomekwa kwenye makuti ya paa, ndani ya mfuko wa nailoni, kavu kabisa. Kando yake kulikuwa na penseli na daftari la hesabu. Limejaa hadi jalada la nyuma, na mwandiko unayumba kama dungu lenyewe linavyoyumba.

Aliporudi mchana nilimuuliza kwa nini hakuipeleka. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Alinitazama tu, akasema, "Baba, ningeipeleka, wangekukubalia."

Agizo langu hakulisahau. Alilibeba, akalipima, akalikataa, wiki tatu nzima bila kunionyesha uso wa hasira. Kwenye fomu yenu nimetafuta swali la jambo hilo, sikuliona. Na mimi niliyeandika kwamba analipenda dungu sikuwahi kumuuliza, na nimeona haya.

Basi barua naileta mwenyewe. Namba moja mpaka tano zipigeni mstari, na maombi yangu yote manne pia. Nabakiza moja: msimshushe darasa. Kuanzia kesho atafika kabla ya kengele. Mkimwona bado anageuza shingo dirishani, mvumilieni kidogo, huo ni ugonjwa wangu na utapona.

Dungu sasa ni langu. Leo nimekaa robo saa, nimeshuka mara mbili, nimempiga kwa teo ng'ombe wa jirani yetu Hirbo aliyekuwa akipita zake, na ndege wamekula pembe yote ya mashariki. Mwambie Mwalimu Cynthia kwamba mzazi yuko tayari kupimwa. Aje mapema tu, kabla ya jua.