Mimi, Celestin na Ngiri wa Mwamkulu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kijiji kinatafuta askari wa wanyamapori. Ngiri wanatumalizia mahindi hapa Mwamkulu. Afisa wanyamapori, Dada Dorotea, amekuja leo kutoka Mpanda mjini. Atafundisha wawili, atachagua mmoja. Tumejitokeza mimi na Celestin, fundi baiskeli. Celestin! Mtu anayekagua tairi mara tatu kabla ya kulijaza upepo! Kazi ni yangu. Nimemwambia mke wangu, Esteria, aanze kuzoea kuitwa mke wa askari. Akasema aliwahi kuambiwa azoee kuitwa mke wa mfuga nyuki, nyuki wakahama, mzinga ukabaki.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi bondeni. Shabaha imewekwa mbele ya kichuguu kikubwa, kusudi kichuguu kimeze risasi. Celestin alikizunguka kwanza kuangalia kama kuna mtu nyuma. Nikacheka. Dada Dorotea hakucheka.

Halafu balaa. Mimi ni Msukuma, nimekulia nyuma ya ng'ombe. Nikisimama muda mrefu lazima niegemee kitu. Nikasimika bunduki chini, kidevu juu ya mtutu, mguu mmoja nimeukunja, kama niko na fimbo yangu ya kuchungia. Raha! Dada Dorotea akaja polepole kama anayemwendea nyoka, akaichukua. Akaniambia kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama umezitoa mwenyewe, na mtutu usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiua, kidevu kikiwemo. Nikamweleza kwamba haikuwa na risasi. Akaifungua kuhakikisha. Ilikuwa nayo.

Jumatano, 12 Machi

Kesho Celestin anajaribiwa kwa ngiri wa kweli. Mimi sikupangiwa siku. Husuda hiyo! Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nitajificha kichakani pembeni mwa shamba, nigune kama ngiri. Celestin atakifyatulia risasi kichaka kitupu mbele ya kijiji kizima. Aibu tele, na kazi inarudi kwangu. Nimeupitia mpango huu tangu mwanzo hadi mwisho. Sioni kasoro.

Alhamisi, 13 Machi

Niko hai.

Niliwahi shambani, nikaacha baiskeli barabarani, nikajificha. Watu walipofika, Celestin akaagiza waegeshe baiskeli zote pamoja, kila mtu asimame kando ya yake, nyuma ya bunduki. Kisha akaita kwa sauti kwamba aliyeko shambani aitike. Ningeitikaje na mimi ni ngiri?

Nikaguna. Niliguna vizuri sana, sijisifu. Kichaka kikatikisika. Watu wakaanza kupiga kelele: piga, Celestin, piga! Nikachungulia, nikaona tundu la mtutu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kichaka hakikuwa kitupu. Nilitaka kusema ni mimi. Kilichotoka ni mguno mwingine, tena mzuri kuliko wa kwanza!

Celestin hakufyatua. Kidole chake kilikuwa kimenyooka, nje ya kifyatulio. Watu wakamzomea, wakamwita mwoga. Akawajibu kwamba ameona majani yakitikisika, ngiri hajamwona, na risasi ikishatoka hairudi kuomba radhi. Akashusha mtutu ardhini, akatoa risasi, akaenda kutazama baiskeli. Moja haikuwa na mwenyewe. Anaijua vizuri, ameiziba pancha mara nyingi. Akaita jina langu, akasema nitoke taratibu, watu wa kwangu wananihitaji.

Nilitoka nikilia mbele ya kijiji kizima. Celestin hakunicheka. Alinipangusa majani begani. Nampenda mtu huyu. Nasema wazi, nampenda! Wamemzomea, wamemtukana, na hakuna aliyemwondoa kwenye alichokiona kwa macho yake.

Ijumaa, 14 Machi

Celestin amechaguliwa. Nimepiga makofi mpaka viganja vikawaka. Esteria amempelekea jogoo wetu, yule mkubwa, niliyekuwa namtunza kwa ajili ya Pasaka. Mimi ndiye niliyemkamata. Tena nimewaambia majirani wote kwamba Mwamkulu haijapata mwanamume makini kama yule. Dada Dorotea ameniomba nisikaribie gari lake lenye bunduki.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada Celestin ametangaza. Kesho asubuhi anakwenda kusaka ngiri porini, ng'ambo ya mto. Mtu yeyote asikanyage huko. Kila mtu amekubali. Na huko ndiko uyoga umechipua!

Nimefikiri sana. Uangalifu wa Celestin unatosha kijiji kizima. Wangu wa nini? Hapigi asichokiona, na mimi nitakuwa nimeinama. Uyoga wote nitachuma peke yangu, na yeye nimpelekee bakuli la shukrani. Nitakwenda kwa miguu, asije akahangaika kunitafuta.