Shingo ya Sweta la Mzee Matonya

Jumatatu, 3 Juni 1912. Gulwe.

Baridi kali! Upepo wa kipupwe unapenya hata ndani ya tembe. Nafurahi sana. Mzee Matonya, baba yake Loisi, anakohoa, Mungu amsaidie, na mtu anayekohoa anahitaji sweta. Filipo ana ng'ombe wa kumtolea Loisi mahari. Mimi Gideoni nina sindano mbili na sufu iliyokuja na gari moshi. Lakini misheni walinifundisha kufuma, naye Filipo hajui hata kushika uzi! Kifua, mgongo na mikono tayari. Zimebaki kingo tu, nazo zinajikunja kama majani ya tumbaku. Hakuna baba atakayenipa binti yake kwa kingo za namna hii.

Jumanne, 4 Juni.

Nimekwenda kwa Mama Priska, dada yake Mzee. Nikamwamkia shikamoo, nikajitia nimekuja kumshikia bonge la uzi. Macho yangu yote kwenye mikono yake. Jamani, mikono ile! Anaokota vitanzi ukingoni kimoja kimoja, haruki hata kimoja, kisha anafuma mistari michache kwa sindano nyembamba. Ukingo unalala wenyewe, umenyooka. Huoni ulipoanzia wala ulipoishia. Nikasahau kwamba nimekuja kuiba ujuzi, nikabaki kinywa wazi.

Bila kuniangalia, akaniambia shingoni nifunge vitanzi kwa kulegeza, tena nipime kwenye kichwa cha mwenyewe. Kumbe kanigundua! Nikamjibu kwamba hayo nayajua tangu zamani. Ati nimpime mkwe wangu kichwa? Nani ana ujasiri huo?

Alhamisi, 6 Juni.

Nimemaliza! Kingo za mikono na kiuno zimelala vizuri, nasema kweli, maana nimemwiga Mama Priska kila kitanzi. Shingo nimeifunga kwa kukaza uzi hadi vidole vikauma. Imesimama wima kama kola ya Bwana Mkubwa wa boma. Nimeijaribu kichwani mwangu, ikapita baada ya kusukumasukuma. Filipo kachungulia, akauliza kama haitakuwa ndogo. Wivu tu. Nilimhurumia.

Jumapili, 9 Juni.

Sijui nianzie wapi.

Nilimkuta Mzee Matonya uani, amesukwa upya. Nywele zimepakwa udongo mwekundu na mafuta. Masikio yametogwa kama ya wazee wetu wote, na kila tundu lina kipande kinene cha mti. Masikio hayo nimeyaona tangu nazaliwa. Mimi nimenyoa kipara.

Nikamvisha sweta, likashuka hadi masikioni, likagoma. Kutoka humo ndani Mzee akauliza, kwa upole wa kutisha, nani kanituma nimuue. Nikavuta chini. Filipo, ambaye hakuna aliyemwalika, akavuta juu. Mzee akanguruma, mbuzi wakatawanyika. Loisi alijifunika uso kwa shuka, mabega yanamtetemeka. Nilijua anacheka. Iliniuma, maana nampenda.

"Acheni, ninyi wawili!" Mama Priska akafoka. "Mtamng'oa kaka yangu masikio!"

Hakuomba mkasi. Alitafuta ncha ya uzi, akaifumua shingo mstari kwa mstari, kichwa kikatoka chenyewe. Kisha palepale, sweta likiwa mwilini mwa Mzee, akaokota vitanzi upya, akaacha mpasuo begani wa kupitishia masikio, akauzungushia ukingo na kutia vifungo viwili. Watu wote uani walisogea kumtazama. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Nilitokwa na machozi, nami sikuyaficha.

Mzee akaupapasa ukingo kwa kidole gumba, akasema sweta lina joto. Kuhusu Loisi, akasema mimi na Filipo tusubiri wote, kwani hawezi kuzungumza habari za mahari huku masikio yanamwaka moto. Hakukataa!

Jumatatu, 10 Juni.

Nimetafakari kwa makini. Ufumaji wangu haukuwa na kosa, ni kichwa cha Mzee kilichozidi. Kwa hiyo sasa nafuma soksi. Juu nimezikaza kwelikweli, zisije zikateleza. Mama Priska amepita, akanikumbusha kwamba kaka yake ana vikuku vya shaba miguuni, alivyovishwa tangu ujana na havivuki kisigino. Nimemshukuru kwa heshima. Wanawake wana wasiwasi mwingi.

Nimezijaribu mguuni mwangu mwenyewe. Zimekaa barabara. Kesho kutwa nazipeleka.