Mapipa Mawili ya Barafu, Nafasi Moja ya Wales

Jumatatu, 9 Aprili 2007

Leo nimeteuliwa kwenda Ulaya. Yaani, karibu nimeteuliwa.

Habari yenyewe ni hii. Sir Gareth, meneja wetu wa ghala la samaki hapa Al Quoz, Dubai, kwao ni Wales. Kila mwaka, mwezi wa tano, anarudi kwao kushindana mashindano ya wendawazimu. Unaogelea ziwani karibu kilomita mbili, unatoka, unapanda baiskeli mpaka makalio yanakufa ganzi, unashuka, unakimbia. Yote siku moja, na hakuna anayekufukuza. Mwaka huu anataka timu ya ghala, watu watatu, kila mtu na kipande chake. Kampuni inatoa tiketi na barua ya viza. Baiskeli atapanda mwenyewe. Mbio kampa Dancan, mlinzi wa getini, kwa sababu Dancan ni Mkenya. Hakumuuliza kitu kingine. Dancan anasema kwao Kisii mara ya mwisho alikimbia akifukuzwa na bata mzinga. Lakini mtu ukiitwa Ulaya utakataa?

Kikabaki kipande cha kuogelea. Sir akasema kule sasa hivi ni majira ya kuchipua, na maji yake yanakata pumzi, kwa hiyo anataka mtu wa baridi. Nikanyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Nikamwambia, Sir, mimi Wilbard ni mtoto wa Bukoba, Ziwa Victoria ndilo lililonilea, na miaka yote hii naendesha foklifti ndani ya friza lako. Baridi ni mfanyakazi mwenzangu.

Mara mkono mwingine juu. Khelef, dereva wa lori, Mzanzibari, mwembamba kama antena ya redio. Mtu huyu akipita mbele ya mlango wa friza anatafuta sweta.

Sir akaamua kizungu-kizungu. Ijumaa ya wiki ijayo tutaingia kila mtu kwenye pipa lake la samaki, maji na barafu mpaka kifuani. Yeye atakaa mbele yetu anywe kikombe kimoja cha chai. Akimaliza, aliye bado ndani ndiye anakwenda. Wakibaki wote, anaongeza chai.

Nimeshampigia kaka yangu Bukoba. Nimeshamwambia Severina, anayesuka nywele saluni ya Satwa. Kaniuliza kama nitamletea koti. Nimemuuliza rangi.

Jumatano, 11 Aprili

Mazoezi yameanza. Nimeanzia chumbani kwetu, tunakolala wanne. AC nimeishusha mpaka namba inapogoma kushuka, kisha nikaficha rimoti ndani ya kiatu changu, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu atatia mkono. Nikalala bila blanketi. Wanamichezo wakubwa ndivyo wanavyofanya.

Asubuhi Dancan ana mafua. Umaru, Mganda wa kitanda cha juu, ana mafua. Mimi sina kitu, isipokuwa shingo imegeukia kushoto na haitaki kurudi. Dancan akaniambia, buda, mimi ndiye nakimbia, sasa nitakimbia na makamasi? Nikamwambia mafua ni dalili mwili unajifunza. Akasema mwili wake umeshafika chuo kikuu, nirudishe rimoti.

Nimerudisha. Kiongozi mzuri anasikiliza watu wake.

Ijumaa, 13 Aprili

Siku ya mapumziko. Tumekwenda baharini Jumeirah. Sir ametuazima nguo yake ya mpira, ile ya kuogelea kwenye baridi, tuizoee kwa zamu. Sir ana mwili wa mpini wa fagio. Mimi, Mungu anisamehe, nina mwili wa mtu anayekula.

Kuingia niliingia. Nilipakwa mafuta ya kupikia tuliyoyaomba mgahawani, Dancan akavuta mikono, Umaru akasukuma. Nikaingia majini, nikaogelea vizuri tu, mtindo wetu wa ziwani, kichwa juu kama mtu anayetafuta nyumba. Familia moja ya Kihindi ilinipigia makofi.

Kutoka ndiyo ikawa kesi. Zipu imegoma. Jua la saa sita, mimi ndani ya mpira mweusi, nachemka kama kiazi. Wamenivuta wanaume watatu mpaka mlinzi wa ufukweni akaja kuuliza kama kuna mtu amezama. Dancan akamwambia hapana, huyu anazaliwa.

Khelef akaoga hivihivi, na kikoi chake. Sitaki kuandika hili, lakini shajara ni shajara. Yule bwana haogelei, anateleza. Alikwenda mbali hadi nikaanza kumuombea, akarudi hata hahemi. Akaketi mchangani, kisha upepo kidogo ukapita, akajifunika taulo mbili.

Hapo nikatulia. Sir hapimi kuogelea. Sir anapima baridi.

Jumapili, 15 Aprili

Nimegundua jambo la kisayansi, na si zuri.

Leo nimeingia friza bila koti. Nilitaka kuwaonyesha vijana wa zamu. Nikalivua lile koti zito mlangoni, nikavua na glavu, nikapanda foklifti yangu nikiimba. Nikafika kwenye makreti ya kamba nikaacha kuimba. Nikafika kwenye jodari nikaacha kufikiri. Nilipotaka kugeuza, vidole vilikuwa vya mtu mwingine.

Kumbe miaka yote hii baridi ilikuwa inafanya kazi na koti langu. Mimi nilikuwa abiria.

Wamenitoa, wamenifunika magunia, wamenipa tangawizi. Vijana wakaniuliza kulikoni. Nikawaambia nilikuwa nakagua usalama.

Lakini nimejaribu tena mchana, polepole, chumba cha ubaridi mdogo. Na nitasema ukweli: mafuta yangu yanasaidia. Nikitulia, nisipopiga kelele, naweza. Khelef hana hata kijiko cha mafuta mwilini. Wales ni yangu.

Jumanne, 17 Aprili

Nimeomba leo nitoke na lori la Khelef kwenda bandari ya Hamriya kupokea mzigo. Shabaha yangu ilikuwa kumpeleleza na kumvunja moyo. Nilikuwa nimeandaa hadithi ya binamu yangu aliyeganda majini mpaka masikio yakadondoka. Binamu huyo hayupo, ila hadithi ni nzuri.

Nikaanza kuisimulia tumekwama kwenye foleni. Khelef akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zao zile. Kisha akasema, bwana Wilbard, hata na mimi nikidondoka masikio, nnakwenda.

Nikamuuliza, Wales kuna nini kikubwa hivyo.

Akasema mamaake yuko Cardiff, mji wa hukohuko Wales, kwa dada yake Khelef. Alikwenda kutibiwa figo, haruhusiwi tena kusafiri. Tangu aondoke Unguja hawajaonana. Khelef kaomba viza ya kumtembelea kila alipoweza, na kila mara anakosa, maana ni kijana peke yake na dereva, nani ataamini kwamba atarudi. Lakini timu ya kampuni, pamoja na meneja, kwa barua ya meneja, hiyo wanaikubali. Mama macho yanamfifia siku hizi. Akasema, nataka anione kabla hajawa ananipapasa tu.

Akaweka gia, tukaendelea.

Nimekasirika siku nzima. Unajitafutia mpinzani, mtu wa kumshinda kwa raha zako, anakuletea mama.

Alhamisi, 19 Aprili

Uamuzi mkubwa. Nimejipandisha cheo. Si muogeleaji tena, ni kocha wa siri wa Khelef. Hata Khelef mwenyewe hajaelezwa vizuri.

Nimemvuta chumba cha ubaridi saa ya chakula. Nimemfundisha siri zangu zote za miaka mingi, nilizozijua tangu Jumapili. Usipigane na baridi. Legeza mabega. Pumua kama mtu anayepuliza chai. Meno yakigongana, yaache, hayo yana shughuli yake. Nikamlisha chapati na samli mpaka akaomba huruma. Akasema, yakhe, kesho tunashindana, wewe unaninenepesha wa nini? Nikamwambia nataka nikimshinda nishinde mtu mzima, siyo antena.

Bado anatetemeka vibaya. Ile chai ya Sir ikiwa ya moto, tumekwisha. Sir hunywa chai kama anaisoma.

Kwa hiyo kuna mpango wa pili. Chai ya kesho nimejitolea kuipika mwenyewe. Kikombe kidogo. Vuguvugu. Mafunda matatu, khalas.

Ijumaa, 20 Aprili

Niandike kwa utaratibu maana mkono bado haujawa wangu.

Ghala zima lilikuja, ingawa ni siku ya mapumziko. Mapipa mawili ya plastiki nje ya mlango wa chumba cha ubaridi, barafu inaelea. Mimi pipa la kulia, Khelef la kushoto. Severina kaja kutoka Satwa na shoga yake Rosina, wamebeba viti. Nikainua mkono kama rais.

Tukaingia. Aibu ya kwanza: nililia. Neno moja tu, na lilikuwa la Kihaya, hakuna aliyeelewa.

Sir akaketi, akaonja chai yangu. Akakunja uso. Akasema hii imepoa, na kikombe gani hiki cha mtoto. Akamtuma Dancan alete chai nyingine, kwenye kikombe chake kile kikubwa chenye joka jekundu. Dancan, ambaye nilikuwa nimempa maelekezo yote, akaleta ikichemka. Nilimtazama. Akainua mabega, eti bosi kaagiza.

Basi Sir akawa anapuliza. Anapuliza, anatazama saa, anapuliza.

Mimi kumbe niko sawa. Nimelegeza mabega, mafuta yanafanya kazi, ganzi imeingia kama mgeni mwenye adabu. Ningekaa pale mpaka adhuhuri. Nilijua kabisa nimeshinda. Nikaona koti la Severina. Nikaona picha yangu ukutani Bukoba.

Nikageuka kushoto. Khelef midomo ya samawati, macho yamefumba, mkono mmoja umeshika ukingo wa pipa tayari kujivuta. Nikamnong'oneza asithubutu. Hakusikia. Nikampandishia sauti, nikamwambia Khelef, wewe mtoto wa mama, kaa chini. Watu wakacheka, wakadhani namtukana. Yeye hakucheka. Alifumbua macho, akanitazama, akaachia ukingo, akazama tena mpaka shingoni.

Sir amefika nusu ya kikombe.

Nikasimama. Maji yakamwagika. Nikatangaza kwa sauti kwamba nimekumbuka foklifti yangu haijachomekwa kwenye chaji, na kazi ya kampuni mbele. Nikatoka pipani nikatembea kwa heshima zote. Hatua zilikuwa za bata, lakini kwa heshima.

Wakanizomea. Umaru akaniita jogoo wa supu. Sir akanywa chai yake mpaka mwisho, anavyojua yeye, na Khelef akabaki ndani. Ilibidi wamtoe wamembeba. Alipopita mbele yangu, amefungwa mablanketi kama sambusa, alitaka kusema kitu, meno yakakataa. Nikamwambia asante inatosha, ongeza uzito.

Severina akanirudishia taulo langu. Akasema foklifti haichajiwi Ijumaa, hata yeye anajua. Nikajifuta uso. Akasema basi koti lisiwe na haraka, Dubai kwenyewe joto. Akanisugua mgongo mbele za watu wote mpaka damu ikakumbuka njia.

Nani kashinda leo? Nauliza tu.

Jumatatu, 21 Mei

Jana wameshindana. Leo Dancan kapiga simu kutoka Wales, nikaiweka sauti ya juu, chumba kizima tukasikia.

Anasema ziwa ni jeusi, milima ina mvua, na wenyeji wamevaa kaptula. Khelef aliingia na wenzake mamia akatoka miongoni mwa wa mwanzo, rangi ya jivu, anacheka peke yake. Sir kapanda baiskeli akaanguka mara moja, akainuka akaomba radhi kwa kondoo. Kisha Dancan. Watu wa kando ya barabara waliposikia Mkenya anakuja walitoa kamera. Akawapita polepole sana, akapata muda wa kusalimiana. Amepitwa na bibi mwenye mvi ambaye alimpa peremende. Lakini kamaliza. Timu yetu ina medali tatu.

Nikauliza, na mama?

Akasema alikuwepo. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu ukingoni, na mwavuli. Khelef alipotoka majini hakwenda kwa Sir kukabidhi zamu, alikwenda kwanza pale. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akamsogeza karibu kabisa, akamtazama. Kisha akamgombeza kwa nini amekonda. Sir akasimama na baiskeli yake anangoja, wala hakuangalia saa.

Chumbani pua zikaanza kuvutwa. Umaru akadai ni mafua tena. Nikawaambia wakumbuke nani alimfundisha yule mtu kupumua.

Jumatano, 23 Mei

Leo mchana Khelef mwenyewe kapiga. Akasema kuna mtu anataka kusema nami. Ikaja sauti nyembamba, ya Kiunguja safi. Akaniita mwanangu. Akasema kaambiwa habari ya pipa, yote, hata chapati. Akaniombea dua ndefu, nusu yake sikuielewa na bado nilijikuta nasema amin, mimi Mkatoliki. Mwisho akauliza, na wewe utakuja lini nikuone?

Hapo ningesema inshallah, tukaagana vizuri. Mtu mwenye akili angefanya hivyo.

Nikamwambia mwakani, mama. Nikamwambia mwakani sitaki timu, nitafanya yote mwenyewe, kuogelea, baiskeli na mbio, na nitapita mbele ya kiti chake nikimpungia. Akafurahi sana. Akasema atamwambia dada yake Khelef aanze kushona bendera. Nyuma nikamsikia Sir, kumbe kaja kumjulia hali mama, anauliza kasema nini, na Khelef anamtafsiria. Sir akachukua simu, akasema amelisikia hilo, analiandikisha jina langu leoleo.

Nimejiangalia kwenye kioo. Mwili wa bingwa, ukikaa nao mbali kidogo.

Nimetoka kwenda Satwa kuzunguka magereji, naulizia kama kuna mahali wanauza baiskeli ya mtu mzima yenye magurudumu matatu. Maana kusema kweli, baiskeli sijawahi kupanda.