Nimewasalimu Wakwe Nikizunguka Zizi

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Si kwa maneno, jamani. Nguo kabisa.

Wacha niwaeleze mwenyewe kabla mjomba Odhiambo hajarudi Migori kuwaeleza na kutia chumvi.

Mnaijua ile pikipiki kuukuu niliyouziwa na afisa wa kilimo aliyestaafu. Ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mikono yangu haiwezi kuona kitu kimetulia ikakiacha. Redio yangu ya kaseti ilikuwa ikiimba vizuri, nikaifungua niisafishe, mpaka leo haijaimba tena. Basi siku moja nikafungiwa sukari kwa ukurasa wa gazeti la Kizungu, na pale nikaiona picha: pikipiki ya vijana wa Uingereza wa zamani, waliokuwa wakishindana mbio kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Kafe resa, ndivyo inavyoitwa. Usukani uko chini, dereva amelala juu ya tangi, siti ni ya mtu mmoja na ina kinundu nyuma. (Hapa kwetu hoteli za chai zote zimepangana mstari mmoja, mbio zingeisha kabla ya kuanza. Sikujali.)

Nikakata. Madigadi, nje! Siti ndefu, nje! Usukani nikauteremsha karibu na magoti. Kiki ya kuwashia nayo nikaikata, ilikuwa inaharibu umbo. Nikasema nitakuwa nawasha kwa kusukuma. Halafu nikaweka kabureta ya pampu ya maji, niliyouziwa na mchimba dhahabu wa Masara. Ilinguruma mpaka majirani wakatoka nje! Shida ni moja tu. Ukiachilia mafuta, inazima. Pampu ya mgodini haijui kupumzika.

Sasa, leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwa kina Achieng, huko ndani ukishapita Rodi Kopany, upande wa Homa Bay, kuomba nikubaliwe. Haikuwa siku ya mchezo. Kuna mwenye duka wa Kendu Bay ambaye ameshaingia boma lile kabla yangu, tena ana pikapu, na wazee walisema leo ndio wanaamua. Jagam wangu, yaani msemaji wa kuniombea mke, ni mjomba Odhiambo. Mnajua mila: mposaji hafungui mdomo kwa wakwe, jagam ndiye anayesema.

Asubuhi mjomba akaja na koti lake begani. Akaizunguka pikipiki taratibu.

"Sasa mimi nakaa wapi?"

Nikaitazama siti. Muda wote ule wa kukata na kuchomelea, swali hilo halikuwa limenijia.

"Mjomba, wewe panda gari mpaka Rodi, halafu chukua boda boda ya baiskeli. Mimi nitakungoja kwa gate."

"Utangoja na hiyo? Hiyo kitu inajua kungoja?"

Nilikuwa nimeshaanza kusukuma.

Nilifika Rodi salama, nikatia petroli. Wakati wa kuondoka nikasukuma, nikakimbia, nikarusha mguu. Praaa! Nikadhani ni ekzosi. Upepo ukaniambia vingine. Suruali yangu mpya, ya kushonewa, ilikuwa imepasuka nyuma kutoka kiunoni hadi ninapokalia. Na iliyokuwa ndani yake (nisameheni) ni kuukuu kuliko pikipiki, nayo ina matundu yake.

Nikapanga haraka. Nikikaa, siti inanifunika. Nitazima pale langoni, nikae vivyo hivyo juu ya pikipiki kama mtu mwenye maringo, mjomba aje na koti nilifunge kiunoni. Mpango mzuri kabisa!

Nakaribia lango, nani huyu amesimama? Baba yake Achieng mwenyewe, anapunga mkono. "Ingia! Ingia tu!"

Utakataaje? Nikaingia. Ndani wazee wamepangwa kwenye viti mbele ya nyumba. Nikisimama, lazima nishuke nisalimie. Nikishuka, nimekwisha. Kwa hivyo sikusimama. Nikalizunguka zizi la ng'ombe.

"Misawa, baba!" nikapaza sauti nikipita.

"Misawa!"

Nikapotea nyuma ya zizi. Nikatokea tena.

"Habari za hapa?"

"Mzuri! Shuka!"

Nikapotea. Nikatokea.

"Mvua imenyesha huku?"

"Imenyesha! Kijana, kwani hiyo pikipiki haisimamangi?"

"Inasimama, baba! Nakuja!" Huku naenda.

Ng'ombe nao wakaanza kuzunguka pamoja nami humo ndani ya zizi. Mzee mmoja alikuwa anageuza kiti chake kila nikipita ili asipitwe na kitu. Mimi macho yako langoni: mjomba yuko wapi?

Mbele ya jikoni palikuwa na shimo. Kila nikilipita, narushwa juu ya siti. Na pale mlangoni ndipo alipokuwa amesimama mama yake Achieng, maro wangu. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili akashika mdomo. Mara ya tatu akajifunika leso kichwa kizima na kugeukia ukuta. (Nikajiambia ni moshi. Nikaahidi moyoni kuirekebisha ile kabureta.)

Kumbe kulala juu ya tangi kunainua kitu kingine huko nyuma! Pichani hawakukionyesha. Na kwetu, mkwe na maro wake hata mikono hawapeani. Kwa jambo kama lile uchumba unaweza kufa siku hiyo hiyo.

Aliyeniokoa, au kunimaliza, ni dani, nyanya yake Achieng. Yeye mila inamruhusu utani. Akasimama na fimbo yake:

"Mjukuu! Uso wako tumeuona! Na ule mwingine pia tumeuona! Shuka tu!"

Nikafunga breki. Injini ikazima. Nikasikia Achieng akilia jikoni, kisha nikagundua halii, anacheka. Nilitamani ardhi ipasuke kama suruali.

Na ndipo baiskeli ikaingia, mjomba nyuma yake. Yeye alinikuta kwa mbele, hakuona kitu. Akavaa koti lake vizuri, akakohoa, akaanza hotuba aliyoikariri njia nzima:

"Wazee wangu, leo nimewaletea kijana mtulivu."

Mzee mwenye kiti cha kuzunguka akainamisha kichwa.

"Kijana mwenye haya. Kijana anayejua kujisitiri!"

Jamani! Dani alikaa chini. Baba mkwe alijikaza, alijikaza, kisha akatoa sauti kama chupa ya soda ikifunguliwa, na boma lote likalipuka. Mjomba amesimama katikati, anatabasamu, anadhani hotuba imependwa.

Waliingia ndani kushauriana. Mimi nilibaki nimekalia pikipiki, nimefungwa gunia kiunoni, nikimwona kichwani mwangu yule wa Kendu Bay akimpakia Achieng kwenye pikapu. Mwishowe dani akatoka na jibu.

"Wengine wanakuja hapa na tai, wanakunywa chai, wanaondoka, na hatujui wameficha nini. Wewe huna cha kutuficha. Wamekubali." Kisha akasogea karibu. "Lakini maro wako ana sharti moja. Leo utoke hapa kinyumenyume."

Nikatoka kinyumenyume, naikokota pikipiki, nawaaga wazee uso kwa uso hadi langoni.

Basi chekeni, lakini mmalize leo leo. Siku ya harusi, atakayepita nyuma yangu hali pilau.